Simu Ije Mwisho: Namna ya Kufundisha Botania kwa Mimea ya Jirani na Simu Moja

Mwalimu mwenzangu wa baiolojia, darasa lako nalijua hata kama sijalikanyaga. Wanafunzi sitini au zaidi, hadubini moja iliyofungiwa kabatini, na kitabu chenye picha ya mti wa mwaloni ambao hakuna mtoto wa Muheza aliyewahi kukaa kivulini mwake. Nje ya dirisha kuna mchungwa umechanua. Kuna mwarobaini, kuna mgomba, na ng'ambo ya barabara kuna mkonge. Mimi nimechora ubaoni ua lililopasuliwa katikati kwa miaka kadhaa, huku ua lenyewe liko hatua kumi kutoka mlangoni.

Nilipoanza kuingia na simu darasani nilidhani tatizo limekwisha. Muhula ule nikafundisha vibaya kuliko zamani. Wanafunzi walielekeza kamera kwenye mti, wakasoma jina, wakaandika, wakahamia mti mwingine. Kipindi kiliisha wakiwa na majina ishirini na mawili daftarini. Nikawauliza: majani ya ule mti wa kwanza yamejipangaje kwenye tawi, yanakabiliana au yanapishana? Kimya. Walikuwa wameutazama mti kupitia kioo cha simu tu, tena kwa sekunde chache.

Nikageuza mpangilio. Jicho kwanza, penseli pili, mzee wa mtaani tatu, simu mwisho. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia sasa. Mifano ni ya wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, kwa kuwa ndiko ninakofundisha. Wewe wa Kigoma utaweka michikichi, wa Bukoba utaweka mibuni, na wa Pangani una mikoko ambayo mimi naionea wivu.

Vitu vya kuandaa

Simu moja ya kamera nzuri kiasi inatosha. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo simu itakuwa ya mwalimu, na hilo si kikwazo kama utagawa kazi vizuri. Ongeza rula, magazeti ya zamani, mbao mbili au vipande vya plaiwudi, wembe (unabaki mkononi mwako, si mwa mwanafunzi), karatasi nyeupe, na lenzi ya kukuzia kama unaweza kuipata. Lenzi ndogo iliyomo ndani ya mashine mbovu ya kusomea sidii ikibandikwa kwa selotepu mbele ya kamera ya simu inakuza vizuri sana, na fundi redio wa mtaani atakupa bure.

Programu zipakue nyumbani au mahali penye waifai kabla ya siku ya kipindi. Ninazotumia ni tatu. Pl@ntNet, iliyoanzishwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, inatambua mimea tu. Seek haihitaji akaunti, na inaweza kutambua hata bando likiwa limekwisha. Ya tatu ni iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hii ni kubwa zaidi, na nitaieleza peke yake, maana ina masharti ambayo mwalimu hapaswi kuyapuuza.

Chaji simu usiku, safisha kioo cha kamera, ondoa picha za harusi ili kumbukumbu isijae katikati ya kazi.

Hatua ya 1: Tembea mwenyewe kwanza

Siku moja kabla, zunguka eneo la shule peke yako. Chagua mimea minane hadi kumi, si zaidi. Usichague kwa uzuri wake, chagua kwa kile itakachofundisha. Yangu ni hii: mnazi, mgomba na mkonge kwa upande wa monokotiledoni (mimea ambayo mbegu yake ina kotiledoni moja, yaani jani moja la mbegu), mwembe, mchungwa, mpapai, mhogo, mwarobaini na mkwaju kwa upande wa dikotiledoni (yenye kotiledoni mbili). Naongeza mpera kwa sababu majani yake yanakaa mawili mawili yakikabiliana, wakati ya mwembe yanapishana, na mwanafunzi akiishika hiyo miti miwili kwa mkono wake haisahau tofauti hiyo.

Katika kutembea huko tafuta pia mimea ya hatari. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa. Upupu unajulikana. Mbegu za mbarika na mnanaha ni sumu, na watoto wanaijaribu mimea kwa mdomo hata wakiwa kidato cha tatu. Mimi nawaonyesha mimea hiyo kwa mbali kabla ya yote, nawatajia kwa majina, na kanuni ni kwamba hakuna kuonja kitu. Kunusa ruhusa.

Hatua ya 2: Jicho na penseli, simu iko mfukoni

Gawa darasa katika vikundi vya watu sita. Kila kikundi mmea mmoja, dakika ishirini. Hawaambiwi jina la kisayansi, na simu hawaioni. Wanapewa maswali machache tu.

Jani linaanzia wapi na linaishia wapi? Swali hili linaonekana la kitoto, na ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi akichuma kijijani kimoja cha mwarobaini atakuapia kwamba ameshika jani. Mfundishe kutafuta chipukizi. Chipukizi linakaa kwenye kwapa, pale jani linapoungana na tawi. Kwenye kitako cha kijijani hakuna chipukizi. Kwa hiyo ule mkono mzima wenye vijijani kumi na zaidi ndio jani moja, jani ambatani. Nimeona watu wazima, walimu, wakishangaa kwa jambo hili.

Mishipa inaendaje? Ya mgomba inakwenda sambamba kutoka kwenye uti hadi ukingoni, ndiyo maana upepo unalichana jani kwa mistari iliyonyooka. Ya mwembe inafanya mtandao. Jani la mkonge ni nene mno mishipa haionekani, lakini likipondwa na kukwanguliwa nyuzi zinatoka sambamba toka kitako hadi nchani. Mtoto wa Tanga ameziona nyuzi hizo zikianikwa tangu utotoni, wala hajaambiwa kwamba ule ulikuwa ushahidi wa somo la monokotiledoni.

Ukiponda jani unanusa nini? Ukivunja kikonyo kinatoa utomvu au maji tu? Kikonyo cha mpapai kina uwazi ndani kama bomba. Kikonyo cha mchungwa kina vibawa vidogo pembeni, na pale kinapokutana na bapa la jani pana kiungo kinachoonekana. Wataalamu wanalihesabu jani la mchungwa kuwa ni jani ambatani lililobakiwa na kijijani kimoja, na kile kiungo ndicho alama yake. Usiwaambie mapema. Mwaka juzi msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, mbona jani hili limekunjwa kiwiko?" Nikajua somo limeingia.

Kisha wachore. Penseli iliyochongwa, mistari safi, hakuna kupaka kivuli, mistari ya majina isipishane, na ukubwa uandikwe kwa sentimita. Mchoro mbaya wa mwanafunzi unamfundisha zaidi kuliko picha nzuri ya simu, kwa sababu ili uchore jino la ukingo wa jani lazima kwanza uone kwamba lipo.

Kama kuna ua la haibiskasi karibu na ofisi ya mkuu wa shule, omba maua matano. Hakuna ua la kufundishia linaloshinda hili. Sepali tano, petali tano, stameni nyingi, viungo vya kiume, zilizoungana zikawa mrija mmoja unaoizunguka staili, kishina cha kiungo cha kike, na juu kabisa stigma tano kama vichwa vya pini. Pasua kwa wembe toka juu hadi kwenye ovari. Mpe kila mwanafunzi nafasi ya kuona, usikimbilie kuinua kamera.

Hatua ya 3: Jina la nyumbani

Kazi ya nyumbani ya wiki ya kwanza: kila kikundi kinapeleka tawi la mmea wake kwa mtu mzima anayejua mimea, kinauliza maswali manne. Mnauitaje? Kwa lugha gani? Una matumizi gani? Unachanua lini?

Hapa Muheza tunapata majina ya Kibondei, Kisambaa, Kizigua na Kidigo kwa mmea mmoja, na wakati mwingine jina moja kwa mimea miwili. Yote mawili ni somo. Ndipo unapoeleza kwa nini wanabotania walihitaji jina la Kilatini lenye maneno mawili, na wanafunzi wanakuelewa kwa sababu wametoka kugombana juu ya jina.

Kuna bibi mmoja jirani na shule ambaye vikundi vyangu humwendea. Mara ya kwanza vijana walikwenda na picha kwenye simu niliyowaazima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu."

Wakamwonyesha picha. Hakuigusa. Akasema, "Nileteeni tawi." Walipolileta aligeuza jani akatazama chini yake, akalikunja, akalisikiliza linavyokatika, akanusa, ndipo akataja jina. Vijana wakaniletea taarifa hiyo kama kituko. Niliwaandikia ubaoni: tazama chini ya jani, kunja, nusa. Zikawa kanuni za darasa, na ni za bibi, si zangu.

Mzee akikubali, rekodi sauti yake kwa simu anapotaja jina, ili matamshi yasipotee. Lakini omba ruhusa kabla ya kubonyeza. Na lile analosema kuhusu dawa libaki daftarini mwa darasa, usilipandishe mtandaoni bila idhini yake. Maarifa ya tiba ni mali ya familia, wengine wanaishi kwayo. Wanafunzi nao waelewe kuwa tunaandika matumizi, hatujaribu dawa.

Hatua ya 4: Picha tano kwa kila mmea

Sasa simu inatoka. Kila kikundi kinapata zamu ya dakika saba, wakati wengine wanaendelea na michoro. Mmoja anashika simu, mmoja anashika rula na karatasi nyeupe nyuma ya jani, mmoja anahesabu picha, mmoja anaandika namba ya picha na saa, wawili wanashika tawi na kuzuia upepo.

Picha ni tano. Mmea mzima toka mbali, ili umbo lionekane. Tawi lenye majani, ili mpangilio uonekane. Jani juu na rula pembeni. Jani chini. Ua au tunda, na kama havipo, gome. Saa mbili hadi saa nne asubuhi mwanga ni mzuri. Saa sita jua linaunguza rangi zote kuwa nyeupe. Ua dogo kamera inalikimbia na kushika majani ya nyuma, kwa hiyo weka kiganja nyuma ya ua, gusa kioo mahali penye ua, kisha ondoa kiganja upige.

Usipige nyuso za wanafunzi kwenye picha hizi. Ukizihitaji picha za darasa kwa kumbukumbu, zipige pembeni na ziwe za shule.

GPS ya simu haili bando. Iwashe ili kila picha ibebe mahali ilipopigwa, data uizime.

Hatua ya 5: Uliza programu, kisha bishana nayo

Fungua Pl@ntNet, weka picha ya jani, kisha ya ua, na ueleze kila picha ni ya kiungo kipi. Programu italeta orodha ya majina na asilimia pembeni. Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea: wanachukua jina la juu. Mimi nawataka wanafunzi wasome majina matatu ya kwanza, wafungue picha za kila moja, kisha waandike sentensi moja inayoanza na "Tumekubali jina hili kwa sababu..." au "Tumelikataa kwa sababu...". Sababu lazima itoke kwenye mchoro wao wa hatua ya 2. Alama natoa kwenye sababu. Kwenye jina sitoi.

Mfano mzuri ni mwarobaini. Ukipiga picha ya vijijani vichache tu, programu inaweza kukupa Azadirachta indica, ambao ndio mwarobaini wenyewe, na pia Melia azedarach, ndugu yake wa familia moja ya Meliaceae. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja. La Melia limegawanyika mara mbili, matawi madogo yenye vijijani vyake. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya Melia yana rangi ya zambarau. Mwanafunzi aliyechora jani zima anaamua kwa sekunde mbili. Aliyepiga picha ya kijijani hana la kusema.

Mfano wa pili ni wa jikoni. Kisamvu cha kawaida hutoka kwenye mhogo, Manihot esculenta. Kisamvu mpira, kile kinachopendwa sana huku kwetu, hutoka kwenye mti mkubwa wa mpira unaoitwa Manihot glaziovii, ulioletwa toka Brazil kwa ajili ya utomvu wake. Majani yanafanana kwa karibu. Kikundi kimoja kilipiga picha ya mti huo na programu ikawaambia ni mhogo. Kijana mmoja akakataa, akasema mhogo hauwezi kuwa na shina la kukumbatia, na mama yake hulichuma kwa kupanda ngazi. Alikuwa sahihi. Nilimpa alama zote, na toka siku hiyo darasa halikuogopa tena kuiambia simu kwamba imekosea.

Kuhusu iNaturalist, ambako picha unazotuma hutolewa maoni ya jina na watu wengine. Mwenye umri chini ya miaka 13 haruhusiwi kufungua akaunti peke yake, kwa hiyo fungua akaunti moja ya mwalimu na utume wewe. Mahali pa shule pawekwe kwa namna ya kufichwa, mpangilio huo upo, ramani inaonyesha eneo kubwa badala ya nukta kamili. Mmea uliopandwa uweke alama kuwa umepandwa. Mwembe wa shule si wa porini na kuuandika kama wa porini ni kupotosha data za watafiti. Tuma picha chache zilizo safi. Mmea wa porini ukiwa na picha, tarehe na mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya watu waliotoa maoni wakikubaliana juu ya spishi, rekodi hupanda daraja na inaweza kuingia kwenye GBIF, hifadhidata ya dunia ya viumbe hai, ambayo makao yake ni Copenhagen. Gugu lililopigwa picha nyuma ya choo cha shule likifika huko, waambie wanafunzi. Utaona nyuso zao.

Unaweza kurekodi bila mtandao na kupandisha jioni ukifika penye waifai.

Hatua ya 6: Mmea huu ni wa wapi?

Ukishapata jina, lihakiki kwenye Plants of the World Online, tovuti ya bustani ya Kew ya Uingereza. Andika jina la kisayansi, itakupa jina linalokubalika sasa na ramani ya asili ya mmea. Kipindi hiki huwa nakipenda kuliko vyote.

Waambie wanafunzi wataje mimea "yetu ya asili" kabla ya kufungua tovuti. Watataja mhogo, mahindi, embe, korosho, mpapai. Fungueni mmoja mmoja. Mhogo na mkorosho, Amerika ya Kusini. Mahindi, Mexico. Mpapai, Amerika. Mwembe na mwarobaini, Asia. Mkonge wenyewe, Agave sisalana, uliotajirisha mkoa huu, asili yake Mexico. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kupitia Florida, na inaelezwa kwamba kati ya miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai. Halafu fungueni mbuyu, mpingo, mkwaju, mtama, ulezi na kunde. Hiyo ni ya Afrika. Darasa linanyamaza, kisha maswali yanaanza, na hayo maswali hayamo kwenye kitabu.

Sisi wa Tanga tuna mfano mwingine. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani mwa Ulaya na Marekani. Ukiandika jina hilo kwenye tovuti, itakupeleka kwenye Streptocarpus ionanthus, kwa kuwa wataalamu wamelihamishia jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi ndugu. Mwanafunzi anajionea kwamba jina la kisayansi nalo hubadilika ushahidi ukibadilika.

Mkipanda milimani hadi Hifadhi ya Amani kwa ziara, piga picha tu. Ndani ya hifadhi hakuna kuchuma bila kibali.

Hatua ya 7: Hebaria ya shule

Hebaria ni mkusanyo wa mimea iliyokaushwa na kuandikwa lebo. Tawi lenye majani na ua au tunda lilazwe kati ya magazeti, jani moja ligeuzwe chini juu, kisha mbao mbili na mawe mazito juu yake. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo. Huku pwani unyevu ni adui. Ukizembea siku mbili utakuta ukungu. Baada ya wiki moja hadi mbili sampuli imekauka, ibandike kwenye karatasi ngumu.

Lebo ina jina la kisayansi, familia, jina la kienyeji na lugha yake, mahali, tarehe, aliyechuma, na yale yanayopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu, urefu wa mti. Waeleze kuwa hivi ndivyo ilivyofanyika kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, spishi zaidi ya 12,000. Miaka sitini ya magazeti na lebo.

Kwenye miti iliyo hai shuleni tundika kibao chenye msimbo wa QR. Ushauri wangu: usiweke kiungo cha tovuti ndani ya msimbo, weka maandishi yenyewe, mistari minne au mitano. Hapo mgeni au mzazi anasoma bila bando.

Hatua ya 8: Wanafunzi watengeneze ufunguo wao

Ufunguo ni mfululizo wa maswali ya kuchagua yanayokufikisha kwenye jina la mmea. Andikeni data zote kwenye jedwali la Excel, au kwenye daftari kama kompyuta hakuna. Safu moja kwa kila sifa. Kisha panga jedwali kwa sifa moja moja mpaka mimea itengane. Ufunguo wa kikundi changu cha mwaka jana ulikuwa huu:

1. Mishipa au nyuzi za jani sambamba, nenda 2. Mishipa ya mtandao, nenda 4.
2. Majani manene yenye mwiba nchani, yametoka chini kwa mzunguko: mkonge. Si hivyo, nenda 3.
3. Jani limegawanyika vipande vyembamba hadi kwenye uti: mnazi. Jani pana, limechanwa na upepo tu: mgomba.
4. Jani lina vijijani vingi, nenda 5. Jani ni bapa moja, nenda 6.
5. Ukingo wa kijijani una meno: mwarobaini. Hauna meno: mkwaju.
6. Bapa limegawanyika kama vidole, nenda 7. Halikugawanyika, nenda 8.
7. Kikonyo kina uwazi ndani: mpapai. Hakina: mhogo.
8. Kikonyo kina vibawa, jani likipondwa linanukia chungwa: mchungwa. Hakina vibawa, jani refu: mwembe.

Mimea tisa, maswali manane. Ukitaka kuongeza mpera, wao wenyewe watagundua kwamba swali la nane linahitaji kupasuliwa. Waache wahangaike.

Ufunguo huu unaingia vizuri kwenye slaidi: kila swali slaidi moja, kila jibu lina kiungo kinachorusha kwenye slaidi inayofuata, mwisho picha yao wenyewe ya mmea. Hauhitaji intaneti, na kidato cha kwanza wataupenda.

Majaribio mawili ya kuongeza

Mbegu za maharage na mahindi ziweke ndani ya glasi, kwenye ukuta wake, zikishikiliwa na karatasi ya chooni yenye unyevu. Simamisha simu mbovu ambayo kamera yake bado inafanya kazi, ipige picha kila nusu saa. Siku moja picha 48, siku tano picha 240; ukizipitisha kumi kwa sekunde una video ya sekunde 24. Mzizi unaonekana ukishuka, harage linainua kotiledoni zake juu, punje ya hindi inabaki pale pale. Simu isichomolewe chaji wala kusogezwa. Hili ndilo litakalokushinda usipoandika tangazo mlangoni.

Stomata, matundu madogo ambayo jani hupitishia hewa: paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, subiri ikauke kama robo saa, bandika selotepu safi, bandua, weka kwenye kioo. Gugu linalotambaa mashambani lenye ua dogo la buluu, jenasi Commelina, ni bora kabisa kwa hili. Waulize wanafunzi kwao linaitwaje. Lenzi ya kawaida haitoshi, inahitajika hadubini. Ile ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, inakuza mara 140 na inashikamana na kamera ya simu. Shule mbili zikichangia moja, inatosha.

Kupima

Mtihani wangu wa mwisho wa mada unafanyika chini ya miti. Naleta tawi la mmea ambao hatukuusoma, simu imebaki ofisini. Dakika thelathini: chora, eleza mpangilio wa majani, mishipa, aina ya jani, sema ni monokotiledoni au dikotiledoni na utoe sababu mbili. Jina halina alama. Baada ya kukusanya karatasi ndipo naitoa simu, tunaipiga picha pamoja, na wanafunzi wanaisahihisha programu au wanaikubali kwa yale waliyoandika.

Daftari na mafaili ya mwaka huu yanakabidhiwa kidato kinachofuata. Kila kikundi kinarithi mti wake na kuandika mwezi ulipochanua. Mchungwa wa dirishani sasa una kumbukumbu za misimu mitatu, na kikundi cha mwaka huu kinabishana kwa nini umechelewa.